Gari la Viti Viwili

Gloriose, mimi ndiye niliyempeleka kwa Wazungu. Watu wa kambi ya Dzaleka, hapa Malawi, wakisimulia habari zake huanzia kwenye gari, kana kwamba alizaliwa amekaa ndani yake, na jina langu halitajwi. Basi mimi naanza panapostahili kuanziwa. Alikuwa mjane wa Kirundi kutoka Mugamba, kule milimani kwa wafugaji, na alipofika kambini alikuwa na mtoto wake Akeza mgongoni na sufuria kichwani. Sindano hakujua kuishika. Nilimkalisha kwenye kibaraza changu kando ya cherehani, nikampa kazi ya kupiga pasi na kufumua mishono iliyokosewa, tukala nsima, ugali wa huku, sahani moja. Aliniita dada. Mume wangu Bienvenu alimwita Mama Akeza, kwa heshima, na jua likishuka mimi ndiye niliyemsindikiza mpaka kwake.

Mwaka huo, tisini na sita, kulikuwa na Mzungu mhandisi wa visima aliyekuja kambini mara kwa mara kutoka Lilongwe. Mke wake alitaka mapazia. Nilikwenda kupima madirisha, nikamchukua Gloriose anibebee vitambaa, na yule mama akaona jinsi alivyokunja nguo polepole, kona kwa kona. Akaniuliza kama ninamjua mtu wa kumfulia. Nikasema, mchukue huyu, ana adabu. Ulimi huu huu ndio uliosema.

Mhandisi alikuwa na gari jipya kabisa lililofika kwa kontena, dogo, jekundu, lenye viti viwili tu na nafasi ya kapu nyuma. Halikuwa na tangi la petroli wala bomba la moshi. Lilikuwa gari la umeme. Chini ya viti zilipangwa batri nzito, na likichoka lilichomekwa ukutani kama pasi. Watoto wa kambi waliliita gari ya pile, yaani ya batri. Kisha mkataba wa yule bwana ukakatwa kabla ya wakati wake, wakatakiwa warudi kwao. Gari halikupata mnunuzi, maana nani pale Lilongwe angenunua gari lisilojua kituo cha petroli? Wakagawa vitu vyao kupitia parokia. Mimi nikapewa mapazia, yale yale niliyoyashona kwa mikono yangu. Gloriose akapewa gari.

Niliona wivu. Sifichi wala sijutii. Niliona wivu tangu dereva wa parokia aliposhuka mbele ya ofisi akamkabidhi ufunguo, watu wakapiga vigelegele, na binti yangu mwenyewe, Raïssa, akapiga kuwashinda wote. Roho iliniuma kiasi kwamba siku hiyo nilishona mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto, na mwenye blauzi akanitukana. Ningekuwa ninamchukia Gloriose ningepata nafuu. Lakini unamchukiaje mtu uliyemfundisha kushika pasi?

Bahati ikimfuata mtu haishii njiani. Gloriose alikuwa amepewa chumba katika nyumba za zamani za askari jela, maana kambi hii ilikuwa gereza, jirani na ofisi, na ofisi ndiyo iliyokuwa na umeme. Karani akamruhusu apitishe waya dirishani baada ya saa za kazi. Sisi tulikuwa upande wa pili wa kambi, kwenye koroboi. Hata kama Wazungu wangenipa mimi gari lile, ningelichomeka wapi? Niliwaza hivyo nikitafuta faraja, sikuipata.

Gari akaliita Bihogo, jina ambalo kwao hupewa ng'ombe mwekundu. Kila asubuhi alilisalimu, akalisugua ubavuni kwa konzi ya majani laini, akalizunguka akiliangalia miguu, yaani magurudumu, kama limechubuka. Watu walicheka sana. Mimi nilicheka kuwashinda, nikawa namwiga kwenye kibaraza mbele ya wateja, nikiisugua cherehani na kuiita Bihogo. Nella, jirani yangu Mrundi, alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini kuendesha hakujua. Jioni moja akaja mlangoni kwetu, akapiga magoti kama wafanyavyo wanawake wa kwao wakiwa na haja.

"Papa Raïssa, we njo unajua bintu bya magari. Mi najua ng'ombe tu. Unisaidie kumuchunga Bihogo."

Bienvenu akaniangalia mimi kwanza. "Kama mama anakubali."

Nikakubali. Ungemkatalia vipi mtu aliyepiga magoti mlangoni kwako?

Hapa lazima niseme kidogo juu ya mume wangu. Bukavu alikuwa mtu wa taksi. Alipandisha na kushusha vilima vya Kadutu tangu ujana wake, na sauti yake ilisikika kabla gari halijakata kona. Kisha askari wakamnyang'anya taksi, wakaanza kumtafuta na yeye mwenyewe, tukaikimbia Zaire na mabegi mawili. Tangu hapo hakugusa usukani. Dzaleka alifyatua matofali na kulima ganyu, yaani vibarua, kwenye mashamba ya watu wa Dowa, akirudi anakula, anajibu ndiyo au hapana, analala. Nilizoea. Nilidhani hivyo ndivyo mtu anavyozeeka.

Siku ya kwanza alirudi anaongea. Alinieleza habari za batri tangu tulipoketi kula mpaka Raïssa akasinzia na tonge mkononi. Kila batri ina vifuniko vidogo, unafungua, unachungulia, maji yakipungua unaongeza, lakini yasifike juu. Na siyo maji ya kisima! Ni maji ya batri, yanauzwa kwenye chupa Lilongwe. Vichwa vya nyaya vikiota unga mweupe unavisafisha kwa magadi na mswaki wa zamani. Mswaki wenyewe alichukua wangu.

Aliyoyakuta kule yalitosha kumfanya arudi kesho yake. Gloriose alikuwa amesimama na kopo la maji ya chumvi, tayari kuyamimina kwenye batri, kwa sababu ng'ombe akipewa maji ya chumvi anakuwa na afya. Bienvenu alimshika mkono tone la kwanza halijaanguka. Jioni iliyofuata ikawa moto. Kwao jua likishuka, ng'ombe wakirudi, huwashiwa moto wa moshi kufukuza nzi, na mtu anayempenda mnyama wake hakosi kufanya hivyo. Gloriose akachomeka gari, kisha akakusanya matawi na vinyesi vikavu, akawasha pale pale karibu na mlango wa gari.

"Zima ile moto! Zima!" Bienvenu alipiga kelele kutoka mbali, nami nilikuwa nyuma yake na chakula. "Batri ikikula umeme inatoa hewa, ile hewa inawaka! Unataka kutuua?"

Alipiga moto mateke mpaka viatu vikaungua. Gloriose alisimama na mkono mdomoni.

"Mi nilitaka asiumwe na nzi," akasema.

Nilingoja mume wangu amtukane. Ingekuwa ni mimi niliyefanya hivyo, angenitukana mpaka kwa mama yangu. Bienvenu alimtazama, akatazama gari, akaketi chini pale kwenye majivu, na sauti ikamtoka taratibu kama anaongea na mgonjwa.

"Mama Akeza, usikae peke yako na hii gari mangaribi. Mi nitakuja."

Akawa anakwenda. Kila jioni. Nikiuliza, jibu ni batri. Ningeweza kuhesabu mambo aliyoniambia mimi jioni hizo, yangeingia kwenye kijiko.

Kisha zikaanza safari za Lilongwe. Gloriose alikuwa akipeleka Old Town vikapu vya wanawake wa Kirundi, Bienvenu akimwendesha, na gari lililochomekwa vizuri lilifika Biwi, mtaa wa huko huko mjini, likiwa hoi. Hapo walikuwa na fundi redio aliyewaachia waya, likala umeme mpaka alasiri, ndipo wakarudi. Polisi wa kizuizi cha barabarani walifunguliwa boneti, wakashangaa hakuna injini, wakasahau kuuliza leseni. "Zikomo kwambiri," yaani asante sana, walisema, wakawasindikiza kwa macho. Haya yote Gloriose alinisimulia mwenyewe. Na mimi pia nilikuwa na safari za Old Town, kununua vitambaa kwa Wahindi. Nikamwambia Bienvenu, basi nami nichukueni.

"Viti ni biwili," akasema. "Mi naendesha. Mwenye gari atakaa wapi?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza hesabu, na hicho ndicho kilichonikata.

Ijumaa moja nilipanda pikapu ya abiria kutoka njia panda, nyuma, juu ya magunia ya mahindi, na kuku wa mtu miguuni. Kwenye kilima kirefu kabla ya barabara kuu tukalikuta gari jekundu likipanda mbele yetu. Kilimani lilikuwa halina haraka, pikapu yetu ikaanza kulipita. Tukawa sambamba. Kutoka juu ya magunia niliwaona kupitia kioo, wao hawakuniona. Gloriose alikuwa ameshika kapu magotini, ameinama mbele, anaipigapiga dashibodi kwa kiganja na kuihimiza kama ng'ombe aliyekwama. Na Bienvenu alikuwa anacheka. Kichwa nyuma, meno yote nje, cheko la Kadutu.

Sikuwa nimeliona tangu Bukavu. Nilikuwa nimekwisha kuliomboleza cheko lile, nikajua limebaki kule na taksi. Kumbe lilikuwepo mwilini mwake muda wote, na aliyelitoa ni mwanamke asiyejua hata kufunga mkanda. Pikapu ikawapita, vumbi letu likawafunika. Nililifurahia lile vumbi.

Tangu siku hiyo nikaacha kumwonea Gloriose wivu wa gari peke yake. Kila nguo niliyoshona niliishona nikisaga meno. Nilimtazama Bienvenu akila, nikawaza, anamegea nani moyoni? Nilimnusa shati. Lilinuka asidi na vumbi, basi, lakini mwanamke mwenye wivu pua yake hainusi vilivyopo tu.

Halafu nguo zenyewe zikaanza kusema. Asidi ya batri ina tabia yake, na fundi wa nguo anaijua. Ikidondoka kwenye kitambaa huoni kitu. Unafua, unaanika, na ukikunja ndipo vitundu vinatokea, kingo zake zimelainika kama zimetafunwa. Suruali ya Bienvenu ilipata vitundu kwenye goti la kulia, vingi, vidogo. Niliweka kiraka. Wiki ile ile Gloriose akaja kibarazani na kitenge chake, akakiweka juu ya meza yangu.

"Dada, kitenge yangu imeharibika. Nilikifua tu, ikatoboka."

Nikakifunua. Vitundu vilikuwa kwenye goti la kushoto.

Nimepima watu maisha yangu yote. Nikiona mkunjo wa nguo najua mtu alikaa vipi. Goti la kulia la huyu na goti la kushoto la yule hupatwa na tone moja pale tu ambapo watu wawili wamepiga magoti ubavu kwa ubavu, wamebanana, hakuna hata nafasi ya kupitisha rula katikati. Nilikikunja kitenge chake nikamrudishia.

"Uzi wa rangi hii sina," nikamwambia. Uzi ulikuwepo. Ulikuwa umekaa kwenye cherehani anauona.

Jioni ile nilimwekea Bienvenu suruali yake mezani badala ya chakula.

"Goti lako linafanya nini karibu na goti la mjane?"

"Batri iko chini, Mama Raïssa. Muntu anapiga magoti."

"Na yeye?"

"Na yeye anashika tochi."

"Kwa hiyo hakuna kitu."

Akaichukua suruali. Angesema hakuna, ningepiga kelele, tungelala. Alikaa na suruali ile akipapasa kiraka changu kwa kidole, na mwisho akasema, "Kule niko dereva. Hapa niko mkimbizi. Njo hiyo tu." Kisha akatoka nje, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka nilipozima koroboi. Nilimsikia vizuri. Lakini nilichosikia ni kwamba kule na hapa vilikuwa pande mbili, na mimi nilikuwa upande wa hapa.

Jumapili, baada ya ibada, nikasimama nikaomba wazee wabaki. Sikutaka minong'ono tena, nilitaka neno lisemwe mbele ya watu. Mzee Sinzinkayo, aliyekuwa akiamua kesi za watu wa vilima vyao huko Burundi kabla ya vita na sasa ni mzee wa kanisa letu, akavuta benchi. Wanawake wa Mugamba wakabaki, wa Bukavu wakabaki. Gloriose aliitwa akaja, Akeza amemshika sketi. Bienvenu alikaa nyuma kabisa, anazungusha kofia. Hakuna aliyemuuliza kitu, hata mimi.

"Mama Raïssa, sema shida yako," Mzee Sinzinkayo akasema.

Nilikuwa nimejipanga. Sikutaka kusema mume wangu ameibwa, maana mwanamke akisema hivyo hadharani ameshajishusha. Nikaona nilenge gari. Gari likitoka, Bienvenu atakuwa hana sababu ya kwenda, na roho yangu nayo itapoa kuhusu ule ufunguo. Niliona ni akili kubwa.

"Mi sina neno na bwana yangu," nikasema. "Na huyu mama sina neno naye. Neno langu ni gari. Ile gari njo inanikamatia bwana kila mangaribi. Itoke kwake, mambo iishe."

Minong'ono ikapita. Gloriose alimshika Akeza bega.

"Mbele ya hii gari kufika, nani alikuwaka anafika kwangu?" akasema, kwa sauti ndogo. "Mjane hasalimiwi. Sasa banasalimia." Akainua uso, akanitazama mimi peke yangu. "Mama Raïssa, gari ikitoka kwangu, utakuwa na amani?"

"Nitakuwa na amani."

"Hautasema tena neno?"

"Sitasema."

"Basi nakupa Bihogo. Ikuwe yako na ya batoto bako."

Nakwambia ukweli, moyo uliniruka. Nilikuja kumnyang'anya, sikujua ningelipewa mimi! Niliuona mkono wangu kwenye usukani, niliwaona wanawake wa Biwi wakigeuka. Mzee Sinzinkayo akaniangalia kwa namna nisiyoielewa.

"Umesikia, mama. Unapokea?"

"Napokea."

"Unapokea mbele ya sisi wote?"

"Napokea, mzee."

Gloriose akatoka nje ya kanisa. Akachuma konzi ya majani mabichi ukutani, akarudi, akaniwekea mkononi majani pamoja na ufunguo, mikono yake miwili juu ya mikono yangu miwili. Nikadhani ni wazimu wake ule wa ng'ombe. Wanawake wa Mugamba wakatazamana. Mmoja akacheka, akafunika mdomo kwa kanga. Bienvenu alikuwa ameshasimama, amevaa kofia, anatazama mlango.

Kesho yake Nella akaja kuchukua gauni lake, na cheko limemjaa shingoni.

"Mama Raïssa, bantu banasema umeolesha bwana."

"Nimefanya nini?"

"Ng'ombe inatoka nyumba hii, inaingia nyumba ile, bazee banauliza, majani yanapewa, na katikati kuko muntu. Kwenu ile munaita nini?"

Nikaweka mkasi mezani. Mimi ni binti wa Mzee Cirhuza wa Bushi, kule Bukavu. Ng'ombe walitolewa juu yangu mimi mwenyewe, nikachungulia dirishani nikiwa msichana, nikamwona baba yangu akiulizwa mara mbili kama anapokea, naye akijibu mara mbili. Tunaita dote, mahari. Hakuna asiyejua kwetu, mtoto anajua. Na mimi, kwa uchu wa gari jekundu, nimekaa mbele ya kanisa zima nikapokea dote ya mume wangu kutoka kwa mwanamke niliyemfundisha kupiga pasi.

Watu wanasema Gloriose hakukusudia, kwamba ni desturi ya mkono tu, kwamba ndivyo anavyojua kutoa. Mimi nasema alijua. Niliona macho yake.

Hata hivyo gari lilikuwa langu, na nikasema nitalitunza kuliko yeye. Karani aliniruhusu nilichomeke upande wa nyuma wa ofisi, mbali na dirisha la Gloriose. Nilijifunza vifuniko, nikajifunza kumimina maji ya batri polepole, nikaacha kuchungulia nikiwa nimevaa nguo nzuri. Nilifuta vumbi kwa vipande vya hariri vilivyobaki kwenye kazi zangu. Sikulipa jina. Jioni Bienvenu alikaa nyumbani kama nilivyotaka, akitengeneza mpini wa jembe ambao haukuwa umevunjika.

Nilimwomba anipeleke Old Town. Akanipeleka. Nikakaa kwenye kiti cha pili, nimevaa kitenge kipya, kapu magotini. Kambi nzima ilitutazama tukitoka, na nakiri ilikuwa tamu, tamu mpaka njia panda. Ndani kimya, magurudumu tu yanasikika. Tulipofika kwenye kile kilima gari likaanza kuwa zito, nami nikainama mbele nikaipigapiga dashibodi kwa kiganja. Nilifanya kusudi. Nikamtazama.

"Usiipige," Bienvenu akasema. "Haisikii."

Nilimtazama kilima chote. Aliendesha vizuri sana, mikono miwili, macho barabarani, mdomo umefungwa. Wahindi walinisifu gari, sikumbuki nilinunua kitambaa gani.

Siku kadhaa baadaye, jua bado lipo, aliingia ndani akanawa, akavaa shati lake la Jumapili. Sikuona mswaki wa batri, sikuona tochi, hakubeba chupa ya maji. Raïssa alikuwa anachambua maharagwe, akaacha.

"Unaenda wapi?" nikauliza.

"Kwa Mama Akeza."

"Gari haiko kwake tena."

"Najua," akasema. Akamgusa Raïssa kichwani, akatoka, hakufunga mlango.

Nilijifunga kitambaa nikaenda mbio kwa Mzee Sinzinkayo. Alikuwa nje anakoka moto wa chakula. Nikamwambia yote, nikalia, nikasema waende wamtoe mume wangu kule sasa hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasogeza kuni.

"Ng'ombe umerudisha?"

"Ile si ng'ombe, mzee. Ni gari."

"Ulipokea?"

"Nilipokea."

"Basi rudisha kwanza, mama. Halafu tutamuita bwana yako tuongee naye. Bila hiyo, mi nitamuambia nini?"

Nilitoka kwake na ufunguo kwenye kiganja, nikashika njia ya nyumba za askari. Nilikwenda haraka, nilikuwa nimeamua. Nilifika mahali ambapo mlango wa Gloriose unaonekana. Ulikuwa wazi, na nje hakukuwa na kitu tena cha kuchunga, wala batri, wala waya. Walikuwa wameketi kwenye benchi, Akeza katikati yao, wanakula. Bienvenu alisema neno, nikasikia Gloriose anacheka, kisha yeye.

Nikasimama pale nikapiga hesabu yangu. Nikimrudishia gari, na Bienvenu akakataa kutoka, huyo mwanamke atakuwa na vyote viwili.

Nikageuka nikarudi na ufunguo wangu.